"Baba, tumefanya kosa gani?"

Foleni imeanza mbali kabla ya kizuizi. Ni siku za mwanzo wa Januari, kwenye barabara kuu namba 15 inayotoka Hermosillo kuelekea mpaka wa Marekani, katika jimbo la Sonora, kaskazini mwa Mexico. Hapo mahali panapoitwa Querobabi wanajeshi wamekagua magari kwa miaka mingi. Kila likizo ya Krismasi inapokwisha, familia za Wamexico wanaoishi Marekani hukaa kwenye foleni hiyo zikirudi makazini, mizigo hadi juu ya paa la gari, watoto wamechoka na maji yamepata moto kwenye chupa.

Chukua familia moja ya namna hiyo. Baba ndiye dereva. Mama amekaa nyuma na mtoto mchanga, na kando yake yupo binti wa miaka saba aliyezaliwa Arizona. Huyu binti askari mwenye bunduki amemwona kwenye gwaride na kwenye televisheni tu. Gari linafika mbele. Kuna mifuko ya mchanga iliyopangwa kama ukuta, bendera, matuta, na kijana wa miaka ishirini hivi mwenye kofia ya chuma na bunduki iliyoning'inia kifuani.

"Habari za mchana, bwana. Mnatoka wapi?"

"Salama, afande. Tunatoka Culiacán, kusalimia wazee."

"Mnakwenda wapi?"

"Nyumbani, Tucson."

"Samahani, naomba mshuke tuangalie gari."

Baba anashuka. Mikono yake, ambayo binti amezoea kuiona imetulia, inatafuta funguo mfuko huu na mfuko ule. Hapo ndipo mtoto anauliza, kwa sauti ambayo hata askari anaisikia: "Baba, tumefanya kosa gani?"

Wazazi wengi wanaopita barabara za Mexico na watoto hukwama kwenye swali hilo kuliko wanavyokwama kwenye upekuzi wenyewe. Upekuzi mara nyingi huisha ndani ya dakika chache. Askari anafungua buti, anagonga milango kwa kiganja kusikiliza kama ndani kuna kitu, anachungulia chini ya viti, anashukuru na kuwatakia safari njema. Lakini mtoto amekwisha kuona jambo lake. Mtu mwenye silaha amemwamuru baba, na baba ametii. Kwa akili ya mtoto wa miaka saba, anayeamriwa mbele za watu ni aliyekosea. Shuleni ni hivyo, nyumbani ni hivyo.

Wapo wazazi wanaojibu "nyamaza". Wapo wanaojibu "hawa ni rafiki zetu", huku shingo zimekakamaa. Mtoto hudanganyika kwa maneno, ila si rahisi kumdanganya kwa uso. Akiona uso wa mama unasema kitu kingine, anajifunza kwamba hapa kuna jambo kubwa ambalo wakubwa wanaogopa hata kulitaja, na usiku ule halali.

Kwa nini askari wako barabarani

Mwenye kumweleza mtoto lazima kwanza ajue mwenyewe. Mexico imekuwa na wanajeshi barabarani tangu zamani, lakini idadi yao iliongezeka sana Desemba 2006. Rais Felipe Calderón, siku chache tu baada ya kuapishwa, alipeleka maelfu ya wanajeshi katika jimbo la Michoacán kupambana na magenge ya dawa za kulevya, kisha majimbo mengine yakafuata. Polisi wa maeneo mengi walionekana kuwa wamekwisha kununuliwa na magenge, hivyo jeshi likapewa kazi ambayo si yake.

Kwamba si yake ilikuwa imeandikwa. Ibara ya 129 ya katiba ya nchi hiyo ilisema kwamba wakati wa amani jeshi lishughulike na mambo yanayohusu nidhamu ya kijeshi tu. Marais walipita, vizuizi vikabaki. Mwaka 2019 kikaundwa Kikosi cha Ulinzi wa Taifa, na mwaka 2024 kikosi hicho kikawekwa chini ya wizara ya ulinzi na ibara yenyewe ya 129 ikabadilishwa. Leo mtoto wa Mexico aliyezaliwa mwaka ule wa 2006 ni mtu mzima mwenye kura, na hajawahi kuona barabara kuu isiyo na askari.

Mwelekeo wa safari nao una maana. Anayekwenda kaskazini, kuelekea Marekani, hukaguliwa kwa ajili ya dawa za kulevya. Anayeteremka kusini hukaguliwa kwa ajili ya bunduki, risasi na mabunda ya dola, maana ndivyo biashara hiyo inavyokwenda: unga unapanda, silaha na fedha vinashuka. Kwenye barabara namba 1 ya rasi ya Baja California, inayokata jangwa kwa takriban kilomita 1,700 kutoka Tijuana hadi Cabo San Lucas, msafiri hupita vizuizi kadhaa, na maswali ni yale yale mawili: mnatoka wapi, mnakwenda wapi.

Jambo linalowashangaza wageni ni kwamba Wamexico wengi huliamini jeshi lao kuliko wanavyowaamini polisi. Lina sababu. Tangu mwaka 1966 jeshi lina mpango wa kuokoa watu wakati wa maafa, unaojulikana kama Mpango DN-III. Baada ya kimbunga au tetemeko, ni askari ndio huonekana wakibeba vikongwe mgongoni, wakipika vyakula kwenye masufuria makubwa na kufukua vifusi. Kwa hiyo bibi wa Sinaloa anaweza kumwambia mjukuu wake kwa moyo mweupe kwamba askari ni watu wazuri, naye asiwe anadanganya. Shangazi wa mtoto huyo huyo, kijiji cha pili, anaweza kusema kinyume chake, naye asiwe anadanganya.

Kulikuwa hata na kipindi cha vichekesho, kama si vya kulia. Kwa miaka kadhaa askari kwenye vizuizi hivyo walishika kifaa kiitwacho GT200: mshikio wa plastiki wenye antena ndefu, ambacho muuzaji wake Mwingereza alidai kinanusa dawa za kulevya na baruti kutoka mbali bila betri wala umeme. Askari alipita kando ya gari kwa mwendo wa kunyata, antena ikageuka, na gari likapekuliwa. Mwaka 2011 mwanafizikia wa Mexico, Luis Mochán, alishiriki kukijaribu kwa njia ya kisayansi, na kikashindwa kumzidi mtu anayebahatisha. Ndani hakikuwa na kitu. Mwaka 2013 muuzaji, Gary Bolton, alihukumiwa kifungo cha miaka 7 huko Uingereza kwa ulaghai. Fikiria familia ngapi zilisimama juani, baba akijiuliza ni nani amemwekea kitu kwenye gari, kwa sababu ya plastiki tupu.

Kabla gari halijaondoka

Wazazi waliozoea njia hizo huanza kazi nyumbani, siku moja kabla. Mtoto anaambiwa kwa maneno machache: "Kesho njiani tutakutana na askari. Watakuwa na bunduki. Wanasimamisha magari yote, siyo letu tu. Watatuuliza tunatoka wapi, baba atajibu. Wakisema tushuke, tutashuka na utanishika mkono." Hayo yanatosha. Mtoto aliyeambiwa mapema, kizuizi kinapotokea mbele hukitambua kama kitu alichoahidiwa, na wengine hata hushangilia kwamba wamekiona wa kwanza.

Neno "yote" ndilo lenye uzito hapo. Linajibu swali la kosa kabla halijaulizwa. Hata hivyo mzazi asilitie chumvi. Magari mengine hupungiwa mkono yapite na mengine huwekwa pembeni, na mtoto mwenye macho ataliona hilo. Akiuliza, aambiwe kweli: askari huchagua, na hakuna ajuaye vizuri anachagua vipi.

Kuna vitu vidogo ambavyo mzazi hasahau mara mbili. Bunduki ya kuchezea, hata ile ya maji ya rangi ya waridi, haikai kiti cha nyuma. Ibaki nyumbani, au izikwe chini kabisa ya mizigo. Kijana mwenye bunduki ya kweli akiona mtoto amemwelekezea kitu dirishani jioni, hana muda wa kutambua rangi.

Dawa za mafua nazo zina kesi yake. Mexico ilipiga marufuku dawa zenye sudoefedrini, kwa kuwa magenge huitumia kutengeneza dawa ya kulevya. Nchini Marekani dawa hizo huuzwa kwenye maduka ya dawa ya kawaida, na ndizo akina mama wengi huweka kwenye pochi ya mtoto kabla ya safari. Soma kibandiko nyumbani, kwenye mwanga na bila haraka. Risasi ni balaa zaidi: hata moja, iliyosahaulika kwenye droo ya dashibodi na mjomba aliyeazima gari kwenda kuwinda, inatosha kumweka dereva rumande. Mwenye kuazima gari la ndugu alipekue mwenyewe kabla hajapekuliwa.

Wakati wa usiku mazoea ni haya: punguza mwendo mapema, zima taa kubwa ubakize ndogo, washa taa ya ndani, teremsha vioo vyote, hasa vile vyeusi. Askari anataka kuona mikono na nyuso. Akiona kiti cha mtoto, mara nyingi sauti yake hubadilika. Lakini la msingi zaidi kwa wenye watoto ni kutosafiri usiku kabisa, na sababu inakuja mbele kidogo.

Wakati wa upekuzi mzazi mmoja awe na watoto, mwingine asimame mahali anapoona kinachofanyika ndani ya gari. Haya mambo ya kushika simu na kumrekodi askari huku mtoto analia mguuni yaachwe. Kinachosaidia ni kukumbuka saa, jibo la kilomita lililo karibu, na namba ya gari la jeshi. Barabara kuu za Mexico zina vibao vya kilomita, na lalamiko lenye kilomita na saa lina miguu ya kutembea mbele ya Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu, ambayo ipo tangu mwaka 1990.

Wanasheria watasema, na ni kweli, kwamba ibara ya 16 ya katiba hairuhusu mtu kusumbuliwa bila amri ya maandishi ya mamlaka husika. Ndiyo maana askari wengi huomba ruhusa: "Unaniruhusu niangalie?" Baba anayejua haki yake anaweza kukataa. Akina baba wengi wanaoijua haki hiyo hufungua buti hata hivyo, maana kuna watoto watatu nyuma, jua linazama, na anayewauliza ana miaka ishirini na kidole karibu na kifyatulio. Hakuna haja ya kuwacheka.

Wale ambao hawakuvuka

Tarehe 1 Juni 2007, katika milima ya Sinaloa, wanajeshi waliimiminia risasi gari la familia moja. Waliokufa walikuwa wanawake 2 na watoto 3. Jeshi lilisema gari halikusimama kizuizini.

Tarehe 3 Aprili 2010, wikiendi ya Pasaka, familia nyingine katika jimbo la Tamaulipas ilikuwa njiani kwenda kuogelea baharini Matamoros. Kwa maelezo ya mama, walipoona askari walipunguza mwendo, hawakusimamishwa, wakapita. Risasi zikafuata. Watoto wawili wa kiume, wa miaka 9 na 5, walikufa. Jeshi lilisema familia ilikutwa katikati ya mapigano na majambazi. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilichunguza, na miezi michache baadaye ikasema walioua ni wanajeshi, na kwamba mahali pa tukio palichezewa. Septemba mwaka huo huo, barabara ya Monterrey kwenda Nuevo Laredo, gari la familia liliupita msafara wa jeshi usiku. Baba na kijana wake wa miaka 15 wakafa kwa risasi.

Familia hizi hazikutofautiana na ile ya Querobabi. Wengine walipunguza mwendo, wengine hawakujua kama kuna kizuizi. Ndiyo sababu wenyeji wa kaskazini hawasafirishi watoto usiku, na ndiyo sababu dereva wa kule hajaribu kuupita msafara wa jeshi hata ukitambaa kama konokono. Anakaa nyuma, anafika amechelewa.

Hofu nyingine ni ya kizuizi cha uongo. Magenge yana sare, yana magari, na yamewahi kusimamisha watu yakijifanya jeshi. Hapo mzazi anabaki na mtihani mbaya: akisimama huenda ameingia mikononi mwa majambazi, akikimbia huenda walikuwa askari wa kweli. Mwenye kujua njia huuliza kwanza. Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho, au kwa madereva wa malori wanaotoka upande ule, atapata habari kwamba mbele kuna jeshi au hakuna. Wapo pia Malaika wa Kijani, mafundi wa serikali wanaozunguka barabara kuu kusaidia waliokwama, ambao hupatikana kwa simu namba 078. Na kwa wanaorudi likizo kutoka Marekani serikali ina mpango wa Paisano tangu mwaka 1989, wenye vibanda vya kutoa maelezo njiani.

Mtoto aliyetumwa nyumbani

Swali la binti wa Querobabi liliwahi kuulizwa na baba mtu mzima, miaka mingi kabla yake, kwenye kizuizi cha jeshi huko huko Mexico.

Ilikuwa tarehe 25 Agosti 1974, katika jimbo la Guerrero, upande wa kusini kwenye pwani ya Pasifiki. Rosendo Radilla Pacheco, mzee wa miaka 60, alipanda basi kutoka mji wake wa Atoyac de Álvarez kwenda Chilpancingo. Aliongozana na mwanawe wa miaka 11. Radilla aliwahi kuwa kiongozi wa mji huo, alikuwa mtu wa wakulima, na alitunga nyimbo za masimulizi zinazoitwa corrido. Milimani kulikuwa na waasi, na jeshi liliwasaka kila mahali.

Basi lilisimamishwa na askari. Abiria wakateremshwa, wakakaguliwa, wakaruhusiwa kupanda tena, isipokuwa Radilla. Alipouliza anashikiliwa kwa lipi, aliambiwa anatunga nyimbo. Akauliza kama hilo ni kosa. Jibu lilikuwa kwamba si kosa, ila amekwisha.

Hakugombana nao. Aliomba jambo moja tu, kwamba mtoto aachwe aende. Wakamwachia mtoto. Baba akamwagiza awaambie nyumbani kwamba amekamatwa na jeshi.

Mzazi yeyote anayesoma hapa asimame kidogo kwa mtoto huyo. Miaka 11. Anarudi peke yake na maneno mdomoni ambayo lazima ayafikishe kwa mama na dada zake. Baba yake alionekana baadaye katika kambi ya jeshi ya Atoyac, kwa ushahidi wa waliokuwa wamefungwa humo, kisha hakuonekana tena. Kambi hiyo imechimbwa zaidi ya mara moja kutafuta mabaki, na hadi leo hayajapatikana.

Ujumbe alioubeba yule mtoto haukupotea. Dada yake mkubwa, Tita Radilla, aliubeba kutoka ofisi hadi ofisi, miaka nenda miaka rudi, akiambiwa arudi kesho. Kesi ikafika Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika, huko San José, Costa Rica. Tarehe 23 Novemba 2009 mahakama hiyo ilisema Mexico ina hatia, na ikasema askari anayemdhulumu raia asihukumiwe na askari wenzake. Mahakama Kuu ya Mexico ilikubali msimamo huo mwaka 2011, na mwaka 2014 sheria ya kijeshi ikabadilishwa. Kabla ya hapo, familia kama ile ya watoto wa Tamaulipas ilipaswa kulalamika kwa jeshi juu ya jeshi.

Mabasi bado yanasimamishwa. Septemba 2015, ndugu watatu wa kabila la Tzeltal pamoja na shemeji yao walipanda basi kutoka Chiapas kwenda Sonora kutafuta vibarua vya shamba. Huko Querétaro waliteremshwa, safari hii na maofisa wa uhamiaji. Kihispania chao kilikuwa cha kubabaisha, kwa hiyo wakaambiwa si Wamexico, ni watu wa Guatemala. Kijana mmoja alipigwa shoti ya umeme ili asaini kwamba si raia. Vyeti vyao vya kuzaliwa walikuwa navyo. Mwaka 2022 Mahakama Kuu iliamua kwamba ukaguzi wa uhamiaji wa namna hiyo, ndani ya nchi na mbali na mpaka, unavunja katiba, maana afisa huishia kuchagua watu kwa rangi, nguo na lafudhi.

Katika barabara hizo hizo za Chiapas wamepita wazazi kutoka Afrika. Mwaka 2019, baada ya Marekani kutishia kuongeza ushuru kwa bidhaa za Mexico, serikali ilipeleka maelfu ya askari wa kikosi kipya kuelekea mpaka wa kusini. Familia za Wakongo, Wakamerun na Waangola, nyingi zikiwa zimevuka msitu wa Darién kwa miguu na watoto migongoni, zilikwama mji wa Tapachula kwa miezi. Waliotoka Kivu walikuwa wanakijua kizuizi tangu kwao, ambako kila kilomita chache kuna bariera na mwenye bunduki anayetaka chochote. Kwa Mexico kilichobadilika ni lugha ya swali. Na hatari haikuisha: tarehe 1 Oktoba 2024, karibu na Huixtla, wanajeshi walilifyatulia risasi lori lililobeba wahamiaji. Walikufa watu 6. Miongoni mwao walikuwamo wasichana wawili ndugu kutoka Misri, mmoja wa miaka 11.

Yule binti pale Querobabi bado anangoja jibu.

Baba amepata funguo. Askari anainua mablanketi, anasogeza mfuko wa nepi, anafungua boksi la biskuti za bibi na kulifunga tena kwa adabu. Mama amemshika binti mkono. Baba anainama hadi usawa wa macho yake.

"Hatujafanya kosa lolote. Wanatafuta watu wanaobeba vitu vibaya, na hawajui ni nani, ndiyo maana wanauliza kila mtu."

"Na wakikosea?"

Baba anamtazama mama. Wamesafiri njia hii mara nyingi, na swali hili hawakulipanga jana usiku.

"Wakikosea, tutasema," anasema mama. "Tutasema mpaka tusikilizwe."

Binti anaonekana kuridhika, au amechoka tu. Askari anafunga buti na kuligonga mara mbili kwa kiganja. "Safari njema, bwana. Mama, pole na watoto." Baba anawasha gari. Kwenye kioo anaona gari lililokuwa nyuma yao likisogea mbele, pikap nyekundu yenye godoro juu, na vichwa vitatu vidogo kiti cha nyuma.